Kroshia, sindano mbili au viraka vya vitenge: anayeanza ashike kipi?

Mwl_Makambako
Wadau, habari za jioni. Nipo Makambako, na wenyeji wa huku mnaijua baridi ya Juni na Julai: jua likizama tu mtu umeshajifungia ndani. Nataka kazi ya mikono ya kushika jioni, ya kujifurahisha tu. Wa kunishauri biashara nitawasoma na kupita. Nimebaki na machaguo matatu: kroshia (kufuma kwa kulabu moja), kufuma kwa sindano mbili, au kuunga viraka vya vitenge. Cha kwanza ninachotaka kutengeneza ni blanketi la mtoto wa mdogo wangu, anatarajia kujifungua mwezi wa tisa, yuko Dar. Cherehani sina, jirani anayo. Nilinganishieni kwa uzoefu, ushabiki wekeni pembeni.

KulabuMoja
Kroshia, bila kupepesa macho. Kwenye kulabu kitanzi kilicho hai ni kimoja tu. Simu ikiita au umeme ukikatika, unakivuta kiwe kirefu, unaweka chini, unaondoka. Ukikosea unavuta uzi mpaka pale ulipoharibu, unachomeka kulabu, unaendelea. Sindano mbili zina vitanzi vyote vya safu nzima vinavyosubiri kuchomoka. Halafu blanketi la miraba unafuma mraba mmoja mmoja, unaingia kwenye mkoba, hata kwenye basi unafuma. Ukishapata ya kutosha unaiunga.

Vifaa: kulabu moja ya milimita 4 au 5 na uzi wa sweta wa unene wa kati. Usianze na vile vikulabu vyembamba vya chuma vya vitambaa vya makochi. Ni kazi nzuri, ila anayeanza ataumiza macho na kukata tamaa.

MamaTuli
KulabuMoja, mwanangu, umemficha mwalimu jambo. Kroshia inakula uzi! Kwa blanketi la ukubwa uleule na uzi uleule, kroshia ya kawaida inaweza kumaliza karibu theluthi zaidi ya sindano mbili. Na kitambaa chake kinakuwa kizito, hakivutiki. Ndiyo maana kwa sweta, soksi na kofia ya baridi watu wanarudi kwenye sindano mbili: kitambaa kinanyooka na kurudi mwilini.

Kuhusu vitanzi kuporomoka, hilo lina dawa. Kitanzi kikichomoka kinaacha nyuzi zilizolala juu yake kama ngazi. Unachukua kulabu, unaingiza kwenye kitanzi kilichobaki chini, unadaka uzi wa kwanza uliolala, unauvuta upite katikati. Unadaka wa pili, wa tatu, mpaka unafika juu, unakirudisha kwenye sindano. Asiyejua hawezi hata kuona palipokuwa na tatizo. Kwa hiyo mwalimu, hata ukichagua sindano mbili, kulabu nunua.

Sisi tulijifunzia spoku za baiskeli zilizosuguliwa ncha kwenye jiwe. Zinafaa, ila ni nyembamba, kazi inakwenda polepole mno. Kama pesa ipo, tafuta sindano za mianzi za milimita 4. Mianzi haitelezi kama chuma, vitanzi vinatulia.

FundiViraka_TMK
Mnabishana sindano wakati mtoto anazaliwa Dar! Mwezi wa tisa joto linaanza kupanda, mpaka Desemba huyo mtoto atakuwa anavuja jasho. Blanketi la akriliki, ule uzi wa plastiki, la baridi ya Makambako atalipokea mama yake kwa shukrani zote na kulifungia kabatini.

Unga viraka. Pita kwa mafundi wa vitenge mwisho wa siku uombe vipande, wengi wanavitupa au kujazia mito. Mambo matatu ya kuzingatia. Fua kwanza kila kipande peke yake, maana kitenge kipya kinaweza kutoa rangi na kuruka. Ukiunga kabla ya kufua, mfuo wa kwanza utakunja kazi yote. Pili, kata kwa kiolezo cha karatasi ngumu, usikadirie kwa macho. Tatu, mshono uwe robo inchi kila mahali. Ukiachia kipande kimoja kizidi kidogo, kwa viraka kumi kwa kumi kona hazitakutana.

Kwa kawaida kazi hii ina matabaka matatu: viraka juu, kitu cha joto katikati, kitambaa cha nyuma. Kwa Dar ondoa la katikati. Nyuma weka kanga iliyochakaa, ile iliyofuliwa mpaka ikalainika. Mtoto anatandikiwa, anabebewa, na mama akiwa safarini anajifunikia mabegani.

KulabuMoja
Fundi una hoja ya joto, lakini umesahau kwamba cherehani ni ya jirani. Kila jioni atakuwa anagonga mlango wa mtu?

FundiViraka_TMK
Viraka vya mkono vipo tangu kabla ya cherehani, ndugu. Mshono wa kuruka mbele tu, uzi wa pamba, sindano ya kawaida. Ni polepole, kweli. Lakini kasema anataka kazi ya jioni, hajasema ana haraka.

BiMasika_Muscat
Salaam aleikum nyote. Mwalimu, naongeza la nne ingawa hukuliuliza. Sisi tuliokulia Unguja tunazo kofia za kushona kwa mkono: kitambaa cheupe, unatoboa matundu madogo na kuyazungushia uzi mpaka ua linatokea. Huku Oman wanaume wanavaa kofia za namna hii kila siku, na iliyoshonwa kwa mkono vizuri haiwi rahisi. Lakini si kazi ya kuanzia. Kofia moja huchukua wiki kadhaa, tena kwa aliyezoea, na inataka mchana mweupe. Mwanga wa taa moja ya jioni hautoshi. Kwa blanketi la mtoto nakubaliana na Fundi kuhusu joto, na nakubaliana na KulabuMoja kuhusu kulabu. Uzi wa pamba unawapatanisha.

Laikipia_Sufu
Bi Masika amegusa penyewe. Kifaa si hoja kubwa, uzi ndio wenye maneno. Mimi niko Nanyuki, hapa kuna akina mama wanaosokota sufu ya kondoo kwa gurudumu na kuisuka mazulia, na mimi husokota nyumbani kwa pia ya mkono, yaani kijiti chenye kizito kinachozungushwa mpaka uzi usokoteke. Nikupe tofauti kwa ufupi:

Sufu hushika joto hata ikilowa kidogo, lakini ukiifua kwa maji moto na kuisugua inagandamana, blanketi linarudi nusu. Mzazi mpya hana muda wa kufua kitu kwa adabu namna hiyo. Akriliki ni rahisi, haigandi, ila usiipige pasi, inayeyuka na kulegea moja kwa moja. Pamba haina joto jingi, inanyonya jasho, inavumilia kufuliwa kila siku. Ubaya wake ni kwamba haivutiki, mkono wa mwanzaji unachoka mapema, na blanketi kubwa la pamba ni zito.

Na kama siku moja utataka kusokota mwenyewe, anza na sufu, si pamba. Unyoya wa sufu una urefu wa kidole na zaidi, unajishika wenyewe. Wa pamba yetu ni kama sentimita tatu, ukivuta kasi kidogo umekatika. Ndiyo maana nawavulia kofia watu wa kale wa pwani. Kilwa wanaakiolojia wamechimbua vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati, ndivyo vizito vya pia za kusokotea pamba. Vigae vya vyungu vilivyovunjika, jamani!

MlangoWaMitumba
Nyote mnaongelea uzi wa dukani. Mimi nyuzi zangu zinatoka mnadani. Unatafuta sweta la mtumba la pamba, kubwa, lenye tundu au doa, ambalo hakuna anayeligombania. Unaligeuza ndani nje uangalie mshono wa ubavuni. Ukiona vipande viwili vimeungwa kwa mnyororo mwepesi na kingo zao ni nzima, chukua: ukikata mnyororo, sweta linafumuka kwa uzi mrefu mmoja. Ukiona kingo zimekatwa na kuzungushiwa mshono mzito wa cherehani, liache. Utapata vipande vifupi vya safu mojamoja, hata kamba ya kiatu havitoshi.

Lebo zikiwa zimekatwa, jaribu kwa moto. Chomoa uzi kidogo, uwashe juu ya bakuli la maji. Pamba inanuka karatasi iliyoungua, inaacha jivu laini. Sufu inanuka nywele, jivu linasagika vidoleni. Akriliki inayeyuka na kuwa kishanga kigumu cheusi, usikishike kingali moto. Baada ya kufumua, zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, funga sehemu nne, loweka, tundika na kitu kizito chini yake. Mikunjo yote inaisha.

MamaTuli
Hilo la kutazama mshono ni kweli kabisa. Ila kwa mtoto mchanga mimi ningenunua uzi mpya, na mipira yote siku moja. Tazama kwenye karatasi ya mpira kuna namba ya rangi na namba ya mapishi yake. Namba ya pili ikitofautiana, dukani utaona rangi ni ileile, ukitoka juani blanketi lina mistari.

Mwl_Makambako
Shikamoo Mama Tuli, shikamoo Bi Masika, na wengine asanteni sana. Nimewasoma wote mara mbili. Ninavyoona: kroshia, uzi wa pamba, miraba, nami nifume moja moja jioni. Viraka nitakuja kuvifanya likizo ya Desemba jirani akiwa na nafasi. Maswali mawili yaliyobaki: niweke mraba wenye matundu au uliojaa? Na michoro ya intaneti inanichanganya, jina lilelile linanipa mshono tofauti.

BiMasika_Muscat
Marahaba mwanangu. Uliojaa. Matundu makubwa ni mazuri kwa meza, lakini kidole cha mtoto kinaingia na kujizungushia uzi. Na ncha za uzi zifiche kwa sindano, urefu wa kidole kwenda, kisha rudi upande wa pili. Usifunge fundo ukakata hapohapo.

KulabuMoja
La michoro: kwenye majina ya mishono, Waingereza na Wamarekani wamepishana hatua moja. Dabo ya Mmarekani ni trebo ya Mwingereza. Mchoro ukitaja singo popote, jua ni wa Kimarekani, maana Waingereza mshono huo wanauita dabo. Au achana na maneno kabisa, tafuta michoro ya alama. Alama ya cheni ni ileile popote.

Fuma kwanza mraba mmoja wa majaribio, ufue, ukauke, upime. Ukitoka sentimita kumi, blanketi la sentimita themanini kwa themanini litataka miraba sitini na nne. Ukitoka kumi na mbili, piga hesabu upya kabla ya kwenda dukani.