Mjadala: Wanafunzi wanaponyanyasana mtandaoni, chuo kiingilie kati hadi wapi?

Ndugu wachangiaji,

Hoja iliyo mezani ni kama chuo kina haki ya kumwadhibu mwanafunzi kwa maneno aliyoyaandika usiku, akiwa chumbani kwake, kwa simu yake mwenyewe. Waliotangulia wamegawanyika: wapo wanaosema mambo ya nje ya darasa ni ya polisi na mahakama, na wapo wanaotaka chuo kifuatilie akaunti za wanafunzi ili matusi yazuiwe kabla hayajasambaa. Sikubaliani na upande wowote, na huo wa pili unanitisha zaidi.

Kwa maoni yangu, linalopaswa kuulizwa kwanza ni nani amelengwa, na kama bado anaweza kuingia darasani na kusoma. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Mahanoy, ilimpa ushindi mwanafunzi wa sekondari aliyeitukana shule yake kwenye Snapchat siku ya mapumziko. Hata hivyo, katika hukumu hiyo hiyo, majaji walitaja uonevu mkali unaomlenga mtu mahususi kuwa miongoni mwa mambo ambayo shule inaweza kuyashughulikia hata yakitokea nje ya eneo lake. Tofauti hiyo inavifaa vyuo pia. Kumkejeli mkuu wa chuo au kulalamikia ada si unyanyasaji, na uongozi utakaoitumia kanuni hii kuwanyamazisha wakosoaji wake utakuwa umeiharibu.

Wanaotaka kuwaachia polisi kila kitu wanasahau kwamba kesi ya jinai huenda taratibu ilhali mtihani hausubiri. Vitisho vya kuua na usambazaji wa picha za faragha vipelekwe polisi, naam, lakini polisi hawapangi makundi ya maabara wala vyumba vya bweni. Chuo kinaweza kuwatenganisha wahusika siku ile ile malalamiko yanapopokelewa, bila kumtia yeyote hatiani, mradi mlalamikaji asiwe ndiye anayehamishwa kila mara kwa sababu tu yeye ndiye aliyejitokeza kusema.

Ugumu mkubwa zaidi, na ambao naona tumeupita haraka, ni nani achunguze. Katika Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, mwaka 2018, iligundulika kwamba wanafunzi wa kiume walikuwa wakiandikiana katika kundi la Facebook kuhusu kuwabaka wanafunzi wenzao. Uchunguzi ulikabidhiwa mkuu wa kitengo cha habari cha chuo hicho, yaani mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kulinda sura ya chuo mbele ya waandishi. Wawili kati ya wanafunzi hao walifungiwa miaka 10, rufaa ikapunguza adhabu hadi mwaka mmoja, na baada ya ghadhabu ya umma mwaka 2019 ikatangazwa kwamba hawatarudi. Adhabu inayopanda na kushuka hivyo haimtendei haki mlalamikaji wala mtuhumiwa. Mchunguzi asiye na cha kulinda, pamoja na ngazi za adhabu zilizoandikwa kabla ya kosa kutokea, vingeliepusha mengi.

Kuhusu akaunti zisizo na majina, kisingizio cha kwamba hakuna la kufanya kilikataliwa na mahakama ya rufaa nchini Marekani mwaka 2018, katika shauri la Chuo Kikuu cha Mary Washington lililohusu ujumbe wa Yik Yak, programu ya simu ambayo watu huandika bila kutaja majina yao. Hata mwandishi asipojulikana, anayetishiwa anajulikana, naye anaweza kulindwa.

Ningependa sasa tujadili wale wanachama wa kundi waliosoma yote na kukaa kimya. Mimi nisingewaadhibu kwa ukimya wao, kwa kuwa hapo chuo kingelazimika kupima nani alisoma nini na lini. Lakini aliyeisambaza picha kwa wengine, hata bila kuongeza neno, nisingemhesabu kuwa mtazamaji.