Kijitrela cha kulalia cha umbo la tone: plaiwudi ya 12 au ya 18? Naomba ushauri kabla ya Jumapili

Mshumaa77
Assalaam alaykum wanajukwaa. Nataka kujitengenezea kijitrela cha kulalia, kile chenye umbo la tone la maji: mbele duara, nyuma kinashuka. Ndani ni godoro la watu wawili basi, kusimama huwezi. Nyuma unafunua mlango kwa juu kama boneti, unakuta rafu za vyombo na pahala pa jiko, mpishi anasimama nje. Wamarekani wanajitengenezea majumbani tangu miaka ya 1930. Kilichonimaliza ni vipimo: futi 4 kwa futi 8. Yaani sakafu ni shiti moja nzima ya plaiwudi, hutii msumeno.

Suali langu: kuta za ubavuni niweke ya milimita 12 au 18? Na paa, ambalo lazima lipinde, unene gani? Niko Unguja, chumvi ya hapa mnaijua. Naomba majibu kabla ya Jumapili.

KalafatiNungwi
Wa alaykum salaam. Ndugu yangu, usiulize unene, uliza gundi. Plaiwudi ya makabati ikinywa masika moja inafunguka matabaka kama chapati ya kusukuma. Tafuta ya marini, ambayo gundi yake inastahamili maji. Halafu ujue maji hayaingilii usoni, yanaingilia ukingoni na kwenye tundu za skrubu. Ukingo upake resini mara tatu kabla hujagonga kitu. Skrubu ziwe za steinlesi. Paa weka ya milimita 3 mara mbili, moja juu ya nyenzake na gundi katikati. Hiyo ndiyo inapinda bila ya kulia.

Babu yangu alikuwa fundi wa majahazi. Kila msumari ulizungushiwa pamba iliyorowa mafuta kabla ya kugongwa, na mie mtoto ndiye mzungusha pamba. Nikenda skuli vidole vinanuka sifa, yale mafuta ya papa, mwalimu ananikalisha dirishani peke yangu. Siku hizi vijana wanamimina silikoni kisha wanakwita uje uone panavuja wapi.

PopobawaMstaafu
Yakhe, hebu nifahamishe. Kisiwa chenyewe urefu wake kilomita 85 hivi. Ukitoka Darajani saa mbili asubuhi, saa tatu na nusu uko Nungwi na dafu mkononi. Njiani unalala wapi, Mahonda?

Mshumaa77
Ahsante sana Kalafati, hiyo ya 3 mara mbili nimeiandika ukutani.
Popobawa, safari yangu ni Pemba. Nataka nipite msitu wa Ngezi nilale Vumawimbi, niamke na bahari mlangoni. Hoteli za kule si za mshahara wangu.

DerevaWaZamani
Mie naona mnapamba bibi harusi na bwana hajulikani. Gari gani itakivuta?

Mshumaa77
Gari ipo. Turudi kwenye plaiwudi.

BiKarafuu
Wanangu, mie si fundi lakini hili nalijua. Watu wawili wakilala kwenye kisanduku kilichofungwa, alfajiri kuta zinatoka jasho na godoro linaota ukungu kwa chini. Weka madirisha mawili yanayokabiliana na kitundu cha juu chenye kifuniko, na godoro liinuliwe kwa vibao lipate upepo. Na jiko la mkaa lisiingie ndani hata mvua ikinyesha vipi! Ile hewa ya mkaa haina harufu wala haimwamshi mtu. Jirani yetu mmoja aliingiza jiko chumbani kwa ajili ya baridi ya kusi, mlango akafunga. Tulivunja mlango sisi. Alipona, lakini mpaka leo akiona moshi wa mishikaki anavuka njia.

DerevaWaZamani
"Gari ipo" ni jibu la mtoto aliyevunja kikombe. Naomba jina la gari na ukubwa wa injini. Kitu hicho kikiwa na fremu ya chuma, ekseli, godoro na vyombo, kilo mia nne zinafika. Dumu moja la maji la lita 20 ni kilo 20, na Vumawimbi utataka madumu matatu. Tena breki za peke yake hakina, kinaegemea breki za gari yako.

Mshumaa77
Haya. Ni Passo. Injini ya 1000.
Lakini barabara za Unguja tambarare, na mie si mtu wa mbio.

PopobawaMstaafu
Passo! Hiyo nayo si inataka kuvutwa?

DerevaWaZamani
Passo yenyewe ina kilo mia tisa na kitu. Ndoano utaifunga wapi? Gari hiyo haina chesisi ya kuning'iniza kitu, bodi yote ni bati lililokunjwa.

Mshumaa77
Nishafunga. Fundi wa Amani kachomelea bamba chini ya buti, na kaliongezea vipande viwili vya ango, vile vyuma vya pembe, pembeni. Kazi yake nzuri, nimeipandia kwa miguu miwili nikaruka, haikutikisika. Na plaiwudi kusema kweli nishanunua, shiti nne za 18, mwenye duka alinipunguzia. Ekseli nimeipata kwa mtu wa chuma chakavu Mwanakwerekwe, na springi zake. Kwa hiyo mtu asinambie niache. Nambieni nifanyeje.

DerevaWaZamani
Kuruka juu ya bamba kunapima uzito wa chini tu. Trela linavuta nyuma, linasukuma mbele ukipiga breki, na linapinda pembeni kila shimo. Bati la sakafu ya buti litachanika pembezoni mwa ile weldi kama karatasi ya mandazi. Na shiti moja ya 18 ina kilo 30 na ushee. Nne hizo ni zaidi ya mia kabla hujaweka mto.

BiKarafuu
Samahani mwanangu, gari hiyo ni yako?

BiKarafuu
Nasubiri.

Mshumaa77
Ni ya mke wangu. Anapelekea watoto skuli. Yuko kwao Wete kwenye msiba wa shangazi yake, anarudi na meli ya Jumapili. Nilitaka akute kitu kizima kimesimama uani, afurahi. Yeye ndiye aliyetamani kwenda Vumawimbi, alinambia tangu mwaka tuliooana. Sasa hicho kitu hakijasimama, ila buti limeshatobolewa.

UstadhMtaani
Nilikuwa nasoma kimya. Kwanza pole kwa msiba. Pili, mali ya mke ni ya mke, si ya nyumba. Hata kikombe chake hukitii mpini mwengine bila ya idhini. Mpigie leo, usingoje Jumapili.

PopobawaMstaafu
Ustadh, mwanamke yuko msibani, apigiwe aambiwe gari yako imetoka mkia?

Mchunguzi_Wete
Jamani, mnamwamini? Huyu kaja na suali la 12 au 18 na huku shiti nne za 18 ziko uani kwake. Mtu anauliza bei ya samaki aliyekwisha kumla? Mwaka jana hapa hapa mtu alitupeleka wiki mbili na boti ya madumu anayokwendea Mombasa, mwisho ikawa hadithi tu. Mwandiko ule ule, "kabla ya Jumapili" ile ile. Tena mie niko Wete, misiba ya hapa naijua.

KalafatiNungwi
Misiba yote ya Wete unaijua weye? Umekuwa sheha?

Mchunguzi_Wete
Atuoneshe kitu kimoja ambacho mtunzi hawezi kukibuni.

Mshumaa77
Picha siweki, namba ya gari itaonekana na shemeji zangu wamo humu. Lakini sikiliza. Ule mpindo wa ubavu ulinishinda kuuchora kwa mkono. Nikachukua bomba la plastiki la waya za umeme, nikagonga misumari sita kwenye shiti, nikalilaza bomba likipinda baina ya misumari, nikafuata na penseli. Mara ya kwanza lilipinda sana, likatoka tumbo la mjamzito. Nikang'oa msumari wa nne nikausogeza inchi mbili nyuma, ndipo likakaa. Tundu la ule msumari wa mwanzo bado lipo, nimeliziba kwa vumbi la mbao na gundi. Na mwanangu wa miaka sita kalala juu ya shiti hilo usiku wa jana kavaa viatu, anasema yuko Pemba.
Suali la unene niliuliza kwa sababu nilijua nimekosea nikataka mtu anambie sikukosea.

Mchunguzi_Wete
La msumari wa nne nimelikubali. Msiba bado nauliza.

DerevaWaZamani
Basi tufanye hivi. Ndoano ikatwe leo, tundu zizibwe na zipakwe rangi ya kuzuia kutu, chumvi isije ikamaliza kilichobaki. Trela endelea nalo. Ekseli isogeze nyuma kidogo ya katikati, uzito wa kwenye ndoano uwe baina ya asilimia 10 na 15 ya mzigo wote. Likiwa jepesi mbele linapiga mkia na kukutupa kondeni. Siku ya safari kodi pikapu yenye chesisi. Na kabla ya kuligusisha lami kaulize wanaosajili vyombo vya moto wanataka nini: taa za nyuma, namba, na mengineyo. Kuta tumia 12. Hizo 18 rudisha.

PopobawaMstaafu
Au gari la ng'ombe. Ng'ombe hana buti la kuchanika.

Mshumaa77
Duka halirudishi.
Nimempigia. Nilianza na salamu za msiba, nikazunguka, mwisho nikasema lote. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Halafu akauliza: "Hicho kisanduku kina tundu la hewa?" Nikasema madirisha mawili na kitundu cha juu. Akasema gari tutazungumza akirudi, akakata.

BiKarafuu
Buti lizibwe kabla hajashuka melini. Na mtoto avuliwe viatu.

KalafatiNungwi
Hizo 18, kama ni za marini kweli na hujazikata zote, mbili nazitaka mie kwa sakafu ya mashua. Shiti moja unatoa kwa kiasi gani?