Naomba ushauri: wagonjwa wa sukari wanaopotea kliniki

Habari za kazi wakuu. Mimi ni muuguzi kliniki ya sukari na presha, kituo cha afya huku Moshi. Tangu tuingie mfumo wa kompyuta makaratasi yamepungua, hilo nakiri. Shida ni kwamba unanionyesha mgonjwa aliyekaa mbele yangu tu. Asiyekuja, kimya.

Juzi kaja mama mmoja, kidole cha mguu kimeshaanza kuwa cheusi, sukari 19. Kufungua taarifa zake, mara ya mwisho kuchukua metformini (dawa yake ya sukari) ni miezi mitano nyuma. Ilikuwa humo muda wote, hakuna aliyeiangalia. Tena alikuwa na faili mbili: moja kaandikwa Mushi, nyingine Moshi. (Uchagani hapa mtanielewa.)

Kwa sasa kila Ijumaa napitia daftari la tarehe za kurudi na kuwapigia kwa vocha yangu. Siwamalizi. Watu wa Tehama niliwauliza, wakasema watanirudia.

Naomba kujua: kuna aliyefanikiwa kutoa kwenye mfumo orodha ya waliopitisha tarehe, bila kufungua faili moja moja? Na nikianza kuwatumia ujumbe wa simu, kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ridhaa ya mdomo inatosha au lazima wasaini? Wazee wengi namba walizotoa ni za watoto au jirani, ndiyo maana nasita.

Natanguliza shukrani.