Reli za stenlesi: nikishang'arisha ndipo mikwaruzo inaonekana zaidi

Wakuu, habari. Niko Ngamiani, Tanga, nachomelea mageti na madirisha. Nimepata kazi ya reli za ngazi za stenlesi, nyumba iko Raskazone, bahari hapo hapo. Mteja anataka zing'ae kama kioo. Nilisawazisha weldi kwa grenda, nikapiga msasa namba 120, wenye punje kubwa, kisha 400, ulio laini, halafu gurudumu la kitambaa na dawa ya kung'arishia. Zinang'aa, ila jua likipiga naona mikwaruzo mirefu. Isitoshe, siku ya nne viungio vimetoka vidoa vya kutu. Naogopa kukabidhi. Naombeni msaada.

Fundi wa Mabawa: Pole mkuu. Umeruka namba. Hiyo 400 imepita juu ya mikwaruzo ya 120, haijaifuta, na dawa haifuti mkwaruzo, inauonyesha. Anza tena 120, 180, 240, 320, 400, 600. Ukipiga kwa urefu wa bomba, namba inayofuata piga kwa kuzunguka bomba. Ukiona hata mstari mmoja wa namba iliyopita, usihame. Kila ukihama futa kwa kitambaa chenye spiriti, maana punje moja ya 120 iliyobaki inakuchora upya.

Dada wa Karakana: Kaka, diski zako zilishagusa chuma cha kawaida?

Mwenye uzi: Ndiyo dada, ndizo nilizosagia geti. Na brashi ya waya ni ile ile.

Dada wa Karakana: Basi kutu imetoka huko. Chembe za chuma zimejikita kwenye stenlesi, na chumvi ya bahari inazimaliza haraka. Tenga diski za stenlesi peke yake, na brashi iwe ya waya wa stenlesi. Ile rangi ya bluu pembeni mwa weldi iondoe yote kwa msasa. Pale kinga ya kromiamu, inayozuia kutu, imeharibiwa na moto. Usikandamize grenda, utaichoma tena.

Mzee wa Chumbageni: Wanangu, kabla ya kitambaa kuna gurudumu la mkonge. Mkonge unakata, kitambaa kinamalizia, na kila gurudumu na dawa yake, usichanganye. Halafu ulizia bomba ni stenlesi ya daraja 304 au 316. Kwa Raskazone ningechagua 316, ina molibdeni, inastahimili chumvi. Kama ni 304, mwambie mteja mapema aioshe mara kwa mara kwa maji ya bomba.

Mwenye uzi: Shikamoo mzee, ni 304, nitamwambia leo. Nimenunua diski mpya, nimerudia kipande kimoja mpaka 600. Juani sioni mstari. Kesho naanza nguzo ya kwanza.