Mrejesho: bekapu za Linux sasa ziko kwenye diski ya nje

Wakuu, niliuliza kama bekapu za Timeshift (programu ya kuhifadhi nakala za mfumo wa Linux) zikae kwenye patisheni (sehemu) nyingine ya diski ileile au diski ya nje. Nimechukua ya nje, maana diski ikifa inakufa na patisheni zake zote. Ilikuja na NTFS (mfumo wa faili wa Windows), Timeshift ikaikataa katakata: inataka mfumo wa faili wa Linux, ili ruhusa na umiliki wa mafaili visipotee. Nikaifomati kuwa ext4, ambao ni wa Linux, ikakubali. Bekapu ya kwanza ni nzito. Zinazofuata zinaongeza yaliyobadilika tu. Ila /home (folda ya mafaili yako binafsi) huwa inarukwa usipoichagua mwenyewe, kwa hiyo picha na hati nazinakili kando kwa rsync (programu ya kunakili mafaili). Nimejaribu kurejesha kwa kuwashia mashine kutoka flashi yenye Linux, mashine imewaka vizuri. Asanteni sana.