Mfereji wa neva ya taya: ninunue ultrasaundi au niendelee na CT?

Tabibu_Tegeta: Wataalamu wenzangu, naomba ushauri kabla sijatoa fedha. Nafikiria kununua kifaa cha ultrasaundi kinachoingizwa ndani ya tundu la kipandikizi (skrubu ya kushikilia jino bandia) ili kupima mfupa uliobaki hadi kwenye mfereji wa neva (njia ndani ya taya la chini inayopitisha neva ya hisia za mdomo na kidevu), nisiwe nawatuma wagonjwa mjini kila mara kupiga CT ya meno (picha ya eksirei ya pande tatu). Je, kinatosha?

Mkongwe_Upanga: Ndugu, hujataja kimo cha mfupa, urefu wa vipandikizi, wala picha unayotumia sasa. Tukushauri kwa lipi?

Tabibu_Tegeta: Ni magego ya chini, Daktari. Nina panorama pekee, ile picha bapa ya eksirei ya taya zima.

Dk_Neema: Hapo ndipo penye hatari. Nilimpokea mama mmoja aliyewekewa kipandikizi kwingine kwa kutegemea panorama, picha ambayo hukuza vipimo, mara nyingi kwa takriban robo, na haioneshi kabisa unene wa mfupa. Daktari wake aliamini amebakiza nafasi, kumbe ncha ya skrubu ilikwishaingia mferejini. Dawa ya ganzi ilipoisha, mdomo wa chini na kidevu havikurudiwa na hisia, naye akaambiwa avumilie, ilhali kipandikizi kinachobana neva hupaswa kutolewa mapema, ikiwezekana ndani ya saa 36. Hadi leo chai ikimtiririka kidevuni hana habari. Piga CT, ndugu yangu.

Mkongwe_Upanga: Ndiyo maana mimi sizibi neva nzima kwa ganzi, natia kando ya mfupa tu, ili mgonjwa aseme tukikaribia.

Dk_Neema: Kwa heshima zote, Mzee wangu, siafiki. Maumivu ya mgonjwa si kipimo. Ile nafasi ya usalama ya milimita 2 kati ya ncha ya kipandikizi na mfereji haipatikani kwa kumsikiliza akiguna.

Fundi_Vifaa: Ultrasaundi haina mionzi, na hilo ni jema. Hata hivyo, mfupa mgumu wa nje hufifisha mawimbi, ndiyo sababu kifaa hupimia ndani ya tundu, kupitia mfupa laini, ambamo kasi ya sauti hubadilika kadiri ya msongamano wake. Tena hukupa jibu ukiwa umeshaanza kutoboa, wakati CT hukusaidia kupanga kabla.

Tabibu_Tegeta: Nashukuru. Na vipandikizi vifupi vya milimita 6, je, vinanipunguzia hofu hii?

Mkongwe_Upanga: Nimevitumia na ninavipenda. Lakini kimo cha mfupa bado hujakitaja.