Ofisini hatuna fundi wa kompyuta: nianzie wapi mashine zikisumbua?

KaraniWaWestlands

Habari zenu wadau. Nafanya kazi katika ofisi ndogo ya uhasibu hapa Westlands. Kompyuta zetu ni za mezani, zote za Windows. Fundi wa kuajiriwa hatuna. Tunamwita kukiharibika, na akija analipwa hata kama kazi yenyewe ilikuwa kukaza waya uliolegea. Bosi anataka nijue mambo ya msingi, fundi aitwe pale inapobidi tu. Kutumia kompyuta natumia kila siku, lakini sijasomea.

Shida tulizo nazo sasa: printa ikikwama hati moja, zote zilizo nyuma yake zinasimama, na ukijaribu kuzifuta hazifutiki. Mashine ya mapokezi nayo ni nzito kupita kiasi, na dada anayeitumia huizima kila jioni bila kukosa. Lakini inayoninyima usingizi ni ya mwenzetu wa kodi. Tangu stima ilipopotea juzi haifungui iTax, tovuti ya KRA ya kuwasilisha kodi, inaleta onyo kwamba muunganisho si salama. Zetu zinafungua kwa Wi-Fi ile ile. Saa yake pia ilirudi nyuma hadi 2019, ila hiyo si neno. VAT ya wateja lazima iingie kabla ya tarehe 20. Nisaidieni.

FundiNgara

Dada, hiyo saa ndiyo ugonjwa wenyewe. Tovuti salama huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kivinjari hukilinganisha na saa ya kompyuta yako. Mashine ikiamini tuko 2019, cheti cha leo inakiona bado hakijaanza kutumika, inakikataa. Bofya saa pale chini kulia kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia kwenye mipangilio ya tarehe, weka tarehe sahihi na majira ya Nairobi, UTC+03:00. Funga kivinjari, ukifungue tena.

Stima ikipotea saa itarudi nyuma tena, kwa sababu betri ndogo iliyo kwenye ubao mkuu imekufa. Nyingi ni CR2032, bapa kama sarafu, volti 3. Maduka ya Luthuli Avenue wanazo. Kuibadilisha: zima mashine, chomoa waya ukutani, piga picha jinsi betri ilivyokaa, ndipo uitoe. Ukiwasha mara ya kwanza inaweza kukuomba ubonyeze F1 na kuweka saa upya. Ni kawaida.

Na tafadhali, asibonyeze pale pa kuendelea licha ya onyo. Onyo hilo hilo ndilo hutokea mtu akijaribu kujiingiza kati yenu na tovuti, na hapo ndipo mnapoandika PIN (namba ya mlipa kodi) na nenosiri la mteja.

MamaRisiti

Printa: kuizima na kuiwasha mara nyingi hakusaidii, maana foleni iko ndani ya kompyuta. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika services.msc, tafuta Print Spooler, huduma inayoshikilia foleni ya kuchapa, isimamishe. Kisha fungua folda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, ufute faili zilizo ndani. Folda yenyewe iache. Rudi uiwashe Print Spooler, halafu kila mtu atume hati yake upya. Kama printa imeunganishwa na mashine moja inayowagawia wengine, anzia kwenye mashine hiyo.

Kijana_wa_Mitambo

Kuhusu ya mapokezi: kwenye Windows 10 na 11, kuzima si sawa na kuwasha upya. Kuna mpangilio unaoitwa Fast Startup, na kwa kawaida huwa umewashwa. Ukizima, sehemu ya mfumo inahifadhiwa kwenye diski, asubuhi inarudishwa vile vile, na kilichokuwa kimekwama kinarudi nacho. Kwa hiyo achague Restart, angalau mara moja kwa wiki.

Bado ni nzito? Abonyeze Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager, aangalie safu ya diski (Disk). Ikikaa karibu asilimia 100 hata wakati hafanyi kitu, na diski ni ile ya zamani inayozunguka, kuweka SSD, diski ya kasi isiyozunguka, kutamsaidia kuliko chochote kingine. Lakini msinunue kitu kabla ya kujua ni Windows gani. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0, kijenzi cha usalama ndani ya kompyuta. Kama mashine haiwezi kuipokea, pesa hizo heri ziende kwenye mashine nyingine.

KaraniWaWestlands

Asanteni sana! Tarehe tumerekebisha, iTax imefunguka papo hapo, mwenzetu ameshaanza kazi. Je, intaneti ikipotea kabisa nafanyaje?

FundiNgara

Uliza kwanza: imepotea kwa wote au kwa mmoja? Kwa wote, angalia ruta, kisha mpigie anayewauzia intaneti. Kwa mmoja, angalia waya au Wi-Fi yake, halafu fungua cmd (dirisha la kuandika amri) uandike ipconfig. Anwani ikianza na 169.254, mashine haikupata anwani kutoka kwa ruta. Piga picha hapo na kwa kila ujumbe wa kosa kabla hujaufunga. Fundi akiambiwa tu "imekataa" anaanza kubahatisha, na muda wa kubahatisha mnaulipia nyinyi.

KaraniWaWestlands

Sawa. Sasa kwa printa nimekwama: Print Spooler inanidai nenosiri la msimamizi, na analo fundi peke yake.

MamaRisiti

Nenosiri hilo lidaini leo. Mashine ni za ofisi, na ndani yake mna PIN na hesabu za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawawajibisha nyinyi mnaozihifadhi, wala hamwezi kumsukumia fundi. Akishawapa, libadilisheni, bosi aliandike na kulifungia kwenye kabati. Fundi akija, bosi aingize mwenyewe. Na akisema mashine ifomatiwe, yaani diski ifutwe yote, akuonyeshe kwanza nakala ya faili zenu kwenye diski ya nje, uzifungue kadhaa kwa macho yako kabla hajagusa kitu.

KaraniWaWestlands

Nampigia sasa hivi.